Siku Nilipoufuata Utepe Ziwani

Nianze kwa kukiri, maana ukiisikia kwa mtu mwingine ataiongezea chumvi: habari hii inanionyesha mimi kuwa mjinga. Siyo yule mjinga kidogo wa kusamehewa. Mjinga kamili, kafi mkononi, kifua mbele. Nimeificha miaka yote hii na ningeendelea kuificha, ila mwezi uliopita nilirudi kwetu, kandokando ya Ziwa Kitangiri, nikakuta mjinga mwingine amekalia kiti changu.

Ni kijana wa boti ya injini, kofia kaigeuza nyuma. Nilikuwa kibandani nasubiri kambale wangu aive, yeye anaangalia simu. Akaniambia, "Leo upepo unatoka mashariki, kaka. Safari safi." Wakati huo moshi wa mama wa samaki unatuingia machoni kutoka upande wa ziwa, yaani magharibi, na machozi yanatutoka sote wawili kama tumefiwa. Nikamuuliza, "Na huu moshi unatoka wapi?" Akafuta macho, akaichungulia simu tena, akasema, "Huo moshi tu, kaka."

Nikamdharau hapo hapo. Halafu nikamkumbuka bibi yangu, nikajidharau na mimi, tukawa sawa.

Sasa usije ukadhani ziwa lenyewe ni la kujisifia. Maji rangi ya chai ya maziwa iliyolala, kina cha kumtisha mbuzi, na kiangazi linarudi nyuma kama mtu anayedaiwa. Upande wetu kuna mlima, upande wa ng'ambo kuna mbuga, tope jeusi tupu. Asubuhi upepo unashuka mlimani unakwenda ng'ambo, jioni unatoka ng'ambo unarudi kwetu. Mitumbwi yetu ilikuwa na tanga la mifuko ya salfeti iliyoshonwa pamoja, na tanga la namna hiyo linajua kitu kimoja tu, kusukumwa mgongoni. Kwa hiyo unakwenda na upepo wa asubuhi, unarudi na wa jioni. Basi. Elimu yote ya ubaharia wa kwetu imeishia hapo, na mimi bado niliifeli.

Shuleni mwalimu alituambia pepo ni mbili, kusi na kaskazi. Akaandika ubaoni, tukanakili, tukapata vema. Hizo ni pepo za watu wa pwani, na sijawahi kuona hata moja ikipanda basi kuja Iramba. Bibi yangu, ambaye hakukaa darasani hata siku moja, aliita za kwetu "wa mlimani" na "wa tope", na alizijua kama unavyojua watoto wako wanavyogonga mlango.

Alizijulia kwenye kupepeta. Baada ya mavuno ya uwele uwanja wetu ulikuwa vumbi na makapi mpaka kwenye mlenda. Unatafuna, unasikia kitu kinakwaruza, unameza tu. Bibi anasimama na ungo wake, anapiga mluzi mdogo, ule wa kuuita upepo, na unakuja kweli. Kabla hajamwaga anadondosha makapi kidogo, anaangalia yanakoangukia. Analamba kidole, anapaka nyuma ya sikio, anageuza kichwa taratibu mpaka pale panapopoa. Halafu ananusa. Alikuwa ananionyesha na kuku: "Muone yule. Kuku hapendi kupulizwa nyuma, manyoya yanafunuka anabaki uchi. Anakoangalia, ndiko upepo unakotoka." Mimi nacheka. Ng'ombe nao wana lugha yao, moshi una yake, hata ndege wa ziwani waliosimama wote wanaangalia upande mmoja kama wanafunzi mstarini, alisema wanatazama upepo usoni. Nilimwona bibi ni mtu wa nchi kavu tu. Hakuwahi hata kuingia mtumbwini. Kuku na ziwa wapi na wapi?

Mtaalamu wangu mimi alikuwa baba mdogo. Huyu alikwenda Mwanza akakaa miezi minane, akarudi anatembea kwa kuyumba eti kwa sababu ya mawimbi. Tulikuja kujua baadaye kwamba kule alikuwa anaosha masufuria ya wavuvi, na masufuria yenyewe yalikuwa nchi kavu. Lakini wakati huo nilimwamini kuliko mwalimu. Alichukua kipande cha utepe wa kaseti, ule tuliokuwa tunaufunga shambani tukienda kuamia ndege wasile uwele, akaufunga juu ya mlingoti. Ukang'aa, ukapepea. Akaniambia, "Dogo, sahau makapi ya bibi yako. Utepe ukielekea mbele, tunakwenda mbele. Ukienda pembeni, geuza mtumbwi mpaka uelekee mbele tena. Ndiyo kazi yote."

Kweli ilikuwa rahisi. Hata mimi niliielewa, na hilo peke yake lingetosha kunitia wasiwasi.

Mwaka huo shangazi yangu, aliyeolewa ng'ambo kwa Wasukuma, alituma ujumbe. Mbegu zake zote za uwele zimeliwa na wadudu, mvua ya kwanza imeshanyesha, majirani wanapanda na yeye amekaa mlangoni na watoto wanne anawaangalia. Asipopanda wiki hiyo, amekwisha mwaka mzima. Bibi akapanda darini, juu ya jiko, pale alipokuwa ananing'iniza masuke bora kwenye moshi, akashusha nusu. Nusu yake, nusu ya shangazi. Akayapukuchua mwenyewe, akatia mbegu mfukoni, akafunga kwa kamba ya katani. Akatupatia, mimi na baba mdogo tuliotumwa kuzipeleka, na turubai dogo. "Hili ni la mbegu," akasema. "Zikilowa hizi, shangazi yako atapanda machozi."

Asubuhi tukashuka ziwani. Bibi akapaka mate nyuma ya sikio, akanusa, akatazama kuku wa jirani aliyekuwa anazunguka zunguka bila kuamua.

"Upepo wa leo una mioyo miwili," akasema. "Subirini mpaka kesho."

"Bibi," nikamwambia, "haya ni mambo ya majini."

Akaniangalia kuanzia miguuni. "Haya," akasema. Neno hilo moja. Ungelisikia, ungeona lilikuwa na kurasa.

Tukaondoka. Baba mdogo alikuwa amekunywa pombe ya mtama usiku kucha na macho yalikuwa mekundu kama pilipili za kuanika. Tulipofika mbali kidogo akanipa usukani, yaani kafi la nyuma, akalala chini ya mtumbwi. Mimi, miaka kumi na miwili, nahodha. Ningeweza kufa pale kwa raha. Utepe mbele, mtumbwi mbele, mlima unabaki nyuma unapungua.

Tulipofika katikati upepo ukafa. Tanga likaning'inia kama shati la mlevi. Mtumbwi ukaanza kuzunguka polepole, hauna haraka, kama unatafuta pa kukaa. Kisha wingu likaja na mvua yake ikafunika kila kitu, mlima ukapotea, ng'ambo ikapotea, nikabaki naona pua ya mtumbwi na utepe. Baba mdogo akazinduka kidogo, akavuta turubai kutoka kwenye mbegu, akajifunika yeye, akarudi usingizini.

Niliona. Hiyo ndiyo sehemu nisiyopenda kuisimulia, kuliko hata ya ujinga. Niliona maji yakigonga ule mfuko nikanyamaza, kwa sababu ningemwamsha angechukua kafi lake.

Upepo ukarudi, tena kwa nguvu. Utepe ukapinda pembeni. Nikafanya kama nilivyofundishwa: nikageuza mtumbwi, nikageuza, nikageuza tena, mpaka utepe ukaelekea mbele. Tanga likajaa. Tukakimbia. Na hapo ndipo nikasikia ile harufu, tope jeusi la mbuga lililonyeshewa, na moshi wa vinyesi vya ng'ombe wa Wasukuma, harufu ya kwa shangazi kabisa. Nikamsukuma baba mdogo kwa mguu.

"Baba mdogo, tunafika. Nanusa ng'ambo."

"Si nilikwambia," akajibu ndani ya turubai. "Utepe haudanganyi."

Mvua ikapungua kidogo, matete yakatokea, nikaona mwanamke ameinama anasugua sufuria, amenipa mgongo. Nilikuwa nimejifunza salamu ya Kisukuma siku tatu nzima ili shangazi asione aibu. Nikaruka majini mpaka magotini, nikainama kwa heshima zote, nikapaza sauti: "Mwangaluka, mama."

Mwanamke akageuka. Alikuwa jirani yetu. Jirani wa ua na ua. Yule yule ambaye jana yake nilimrushia jogoo wake jiwe na akanifukuza mpaka kisimani.

Akanitazama, akautazama mtumbwi, akamtazama baba mdogo anavyotoka kwenye turubai kama kobe. Mungu akampa subira ya kutocheka. "Mwangaluka," akaitikia taratibu. "Karibu sana, mgeni. Huko utokako hawajambo?"

Nikajiinua, nikaanza kuuvuta mtumbwi.

"Kama unatafuta pa kulala," akaendelea, "pale juu kuna bibi mmoja, ana mjukuu mpumbavu lakini ni mkarimu."

Ndiyo hivyo. Nilikuwa nimesafiri nusu ya ziwa kwenda na nusu ya ziwa kurudi, na nikashukia hatua mia mbili kutoka kitandani kwangu. Upepo uligeuka katikati ya mvua, na mimi nikageuka nao, mtiifu kama mkia.

Bibi hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alifungua kamba ya katani, akaingiza mkono ndani ya mfuko, akautoa umegandwa na mbegu zilizolowa mpaka kwenye vidole. Baba mdogo akaanza, "Mama, unajua hali ya hewa ya leo..." Bibi akamwambia, "Wewe kaoshe masufuria." Ndipo nilipoijua kazi ya Mwanza, na kumbe bibi aliijua siku zote.

Mbegu iliyolowa haingoji. Mchana ule ule tukaipanda kwenye shamba letu, mimi na baba mdogo, matope mpaka kwenye nyusi, na jirani akipita kila saa kuuliza kama wageni wameshazoea chakula cha huku. Nusu haikuota. Mwaka huo shamba letu lilikuwa na viraka vitupu kama kichwa chenye mapunye, na kila aliyepita njiani alisimama kuuliza sababu, na bibi alimjibu kila mmoja, kirefu, nami nikiwepo. Ugali wa mwaka ule ulikuwa mdogo, na wangu ulikuwa mdogo zaidi.

Mbegu zake mwenyewe, zile kavu, bibi alizifunga kesho yake asubuhi. Kisha akaingia mtumbwini kwa mara ya kwanza maishani, akazifunika turubai, akalikalia. Akaniamuru niutoe utepe. Nikapanda, nikaukata. Alikaa ameupa mgongo upande tunakokwenda, macho kwenye mlima wetu, na kila mara ananusa. Baba mdogo alipiga kafi, hakuna aliyemuuliza habari za Mwanza. Tulifika kabla jua halijawa kali. Shangazi alipoona mfuko mkavu alikaa chini kwenye tope na nguo yake nzuri, akaufungua hapo hapo, akaanza kunusa mbegu. Jioni yake alikuwa ameshapanda robo ya shamba.

Leo hakuna anayepepeta. Mashine inakuja na trekta, inapiga kelele saa mbili, inaondoka, na makapi wanapelekewa kuku wasiojua hata upepo ni nini. Mluzi wa kuita upepo sijausikia tangu bibi alipozikwa, na nikijaribu mimi wanakuja mbwa. Tanga la salfeti limekufa, utepe wa kaseti umekufa, baba mdogo anauza vocha Misigiri na bado anayumba. Yule kijana wa boti ananiambia upepo unatoka mashariki huku analia kwa moshi wa magharibi. Nilitaka kumwambia kitu. Lakini ningemwambiaje bila kumsimulia ya jirani?

Basi nikala kambale wangu, nikawa namsikia bibi tu. Jioni ile ng'ambo, tukisubiri upepo wa kurudi, tunakula viazi vya shangazi, nilimuuliza kwa sauti ya chini nilikosea wapi, maana harufu ya ng'ambo niliisikia kabisa, sikuota.

Bibi akamenya kiazi chake mpaka mwisho kabla hajanijibu.

"Upepo unabeba harufu ya unakotoka," akasema. "Kama ulikuwa unakusukuma mgongoni na ukanusa kwa shangazi yako, basi shangazi yako alikuwa wapi? Hata mbuzi wangu angejua, na yeye sikumnunulia daftari."