Vumbi la Mbele ya Geti Lake

Jirani yangu ni dereva wa lori la tangi la kampuni ya gesi. Kila asubuhi anamwaga barabarani maji machafu ya visima vya gesi, eti yanatuliza vumbi. Anatoa dirishani mkono wenye glovu, anapaza sauti: "Shikamoo mzee! Leo nimewapulizia marashi!" Uvundo unatukaba koo. Marehemu mke wangu alikuwa akifagia hapo huku anakohoa, na huyu akimtania, "Bibi, punguza sigara!" Mke wangu hakuwahi kuvuta sigara.

Juzi nilimfuata kwa nyuma. Alipofika kwenye geti lake alifunga bomba, akapita taratibu, akalifungua tena mbele ya nyumba ya pili. Kwake palibaki vumbi tupu. Nikagonga mlango wa lori.

"Mbona kwako humwagi?"

Akajifuta glovu kwenye suruali. "Mzee wangu, nina mtoto mchanga. Kifua chake hakitaweza."

"Shuka."

"Nishuke niende wapi?"

"Ukamwambie mke wangu hivyo hivyo. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba."

Akapandisha kioo. Nikaenda kusimama mbele ya lori, akalingurumisha weee, sikusogea.