Jembe Nililigonga

Mimi ni mtu anayegonga majembe. Wauzaji wa soko la Baraka wananijua. Nikilishika jembe, nalining'iniza kwenye kidole, naligonga kwa msumari, kisha nasikiliza. Likilia kwa sauti ndefu, chuma ni kizuri. Likijibu kama sufuria iliyopasuka, nalirudisha na kuchukua lingine. Muuzaji mmoja aliwahi kuniuliza, "Papa, unanunua jembe ao unanunua kengele?" Watu walicheka. Sikujali. Nilikuwa nimemaliza sekondari, tena nina diploma, na nilijihesabu kuwa mtu asiyenunua kitu bila kufikiri.

Shamba letu la michikichi nililiuza kwa muda wa kunywa soda moja.

Ardhi ilikuwa ya baba yangu, kwenye njia ya kupanda Fizi. Michikichi ilikuwa ya mke wangu. Aliipanda mwaka aliozaliwa binti yetu wa kwanza, na kila kiangazi aliimwagilia kwa maji ya kubeba kichwani. Mawese yake ndiyo yaliyowasomesha watoto wetu wote. Hayo niliyajua. Hakuna aliyehitaji kunikumbusha, na kwa bahati mbaya hakuna aliyenikumbusha.

Tangu utoto nilitamani kuitwa mwenye ng'ombe. Basi nikasikia kwamba huko juu milimani bei ya ng'ombe imeshuka. Siku hiyo hiyo mfanyabiashara mmoja aliyetajirika kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi alinikuta kwenye kibanda cha vinywaji, akanitajia bei ya shamba. Nikasema ndiyo. Chupa ilikuwa bado na soda kidogo. Niliimalizia njiani ili isiharibike.

Ng'ombe, hao niliwafikiria vizuri. Nilipanda mpaka kwa mfugaji mmoja, mzee wa kanisa, nikachagua majike wawili. Niliwatazama meno, nikawatazama viwele, nikaomba watembezwe mbele yangu, kisha warudishwe. Mfugaji aliniuliza, "Kwako kuna nani anayejua ng'ombe?" Nikamwambia nina diploma. Akasema ni vizuri, akatuombea safari njema.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa ametoka shambani, ambako alikuta watu wengine wakikata mikungu ya michikichi, ile ambayo kwetu tunaiita mingazi. Aliwatazama ng'ombe.

"Mingazi yangu iko wapi?"

"Ndiyo hii."

"Hii inatoa mawese?"

"Inatoa maziwa."

"Na nani hapa anakunywa maziwa?"

Nyumbani kwetu hakuna aliyekunywa maziwa. Sikuwa nimefika huko katika kufikiri kwangu. Nikasema tutauza.

"Baba batoto," akasema, "jembe unaligongaka mpaka bantu banacheka. Mingazi yangu hukugonga hata mumoja."

Akaingia ndani. Hakulirudia neno hilo tena, na ingekuwa nafuu kama angelirudia.

Kwetu huku chini, karibu na ziwa, kuna joto, na ng'ombe wale hawakulipenda. Kabla sijauza hata chupa moja ya maziwa, niliamka nikakuta kamba tupu. Nilifuata kinyesi chao njia yote ya kupanda, nikawakuta kwenye zizi la yule mfugaji, wanacheua.

"Papa, zilishafika jana," akaniambia. "Zilikutangulia."

Niliwateremsha. Wakarudi. Niliwateremsha tena kwa kamba nzito zaidi, niliyoikagua vizuri dukani. Wakarudi nayo. Safari hiyo mimi na mfugaji tulikaa chini tukacheka, halafu tukakubaliana awalishe hukohuko na ndama tugawane. Nikashuka na kamba peke yake.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mwenye ng'ombe kwa habari. Mfugaji akinipigia simu kwamba mmoja amezaa, nilitangaza nyumbani wakati wa kula. Mke wangu alisema, "Tumupongeze." Mboga iliyokuwa mezani ilipikwa kwa mawese aliyoyanunua kwa mmiliki mpya wa shamba. Kila alipoyanunua aliinua chupa kwenye mwanga, akaitazama rangi, akalipa. Yalikuwa yametoka kwenye miti aliyoipanda mwenyewe.

Halafu vita vilipanda huko juu. Mfugaji alinipigia simu kutoka alikokimbilia. "Papa, zako na zangu, zote zilienda. Sijui wapi." Nikamwambia pole. Akaniambia pole. Yeye alipoteza zizi zima, lakini hakuwa ameuza kitu cha mtu.

Mke wangu amepanda michikichi mingine nyuma ya nyumba. Maji naleta mimi. Hakuniomba.

Msimu uliopita kijana mmoja alikuja kutaka kiwanja hicho cha nyuma ya nyumba ajenge duka la mafuta ya pikipiki. Alinikuta barazani, akaniwekea soda iliyokwisha kufunguliwa.

"Papa, bei unasema wewe."

"Muulize mama."

"Muzee muzima, unauliza bibi?"

"Ndiyo. Yuko nyuma."

Alikwenda. Nilimsikia mke wangu akisema atafikiri. Baada ya wiki kijana akarudi.

"Mama, ulishafikiri?"

"Nimeanza."

Amekuja mara nyingine nyingi. Siku hizi soda anakunywa mwenyewe. Michikichi imenifika kifuani, na mke wangu bado hajamaliza kufikiri.