Mbao Zenye Vifundo

Shangazi yangu huchagua vitu taratibu mpaka unatamani kulia. Kuchagua nyanya tu humchukua asubuhi nzima. Kwa hiyo fundi wa kuchomelea alipomaliza dirisha la chuma la chumba cha nyuma, akasema sasa tafuteni mbao za kulizungushia, nilijua tumepatikana.

Chumba kile ni cha mumewe. Alikuwa fundi wa kupaka rangi. Milango mingi ya mtaani kwetu imepita mikononi mwake, na mbao isiyopakwa aliiona kama mtu aliyetoka bafuni bila taulo. Kisha kiharusi kikamlaza, akageukia ukutani. Analishwa, anajibu ndiyo au hapana, basi. Shangazi akatoboa ukuta wa upande wa pili kuweka dirisha, mumewe apate cha kutazama.

"Asipogeuka atakwisha hivihivi, huku anapumua," aliniambia. "Naogopa, mwanangu."

Dukani kwa seremala tulishinda. Ilikuwa ile mida ya mchana ambayo hata nzi hana haraka. Vumbi la mbao lilielea kwenye mwanga wa mlangoni, randa ikapita na kurudi, harufu ya maranda ikanitia usingizi. Seremala akaleta ubao wa mkangazi mwekundu, umenyooka, hauna doa. Shangazi akaupapasa, akafumba macho. Nikadhani kasinzia.

"Huu mzuri," alisema hatimaye, "ila ukiutazama mara moja umeumaliza."

Seremala akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Shangazi akajiinua, akapotelea uani, akarudi anaburuta mbao zilizojaa vifundo. Mistari yake ilikwenda vizuri, ikafika kwenye kifundo, ikapinda, ikajikunja, ikatawanyika.

"Hizo ni za kumwagia zege, mama," seremala alisema. "Watu wakiuliza nani kafanya kazi hii, nitaficha wapi uso?"

"Waambie ni mimi."

Njiani nilimwambia wazi kwamba anamwekea mgonjwa takataka mbele ya macho, tena mgonjwa mwenyewe fundi wa rangi.  Alikuwa ameshakwenda kule anakokwendaga akiamua jambo, anatembea huku anaimba kwa pua, na mimi nyuma yake na mbao begani, nimenuna.

Seremala alizipigilia kuzunguka dirisha, akaacha upenyo mwembamba kati ya mbao na chuma, maana mvua zikija mbao huvimba. Akaahidi kurudi na rangi nyeupe kufunika ile aibu. Mvua ikamchelewesha. Siku zikapita kama watu wanaotembea na soksi. Shangazi aliketi kitandani kwa mumewe akishona vifungo, dirisha hakulitaja hata kidogo. Asubuhi mwanga uliingia, ukazigusa zile mbao, zikawa na rangi ya asali, kisha ukahama. Mgonjwa alitazama ukuta. Nilimwonea shangazi huruma, nikamkasirikia pia kwa kunitia huruma.

Siku seremala aliporudi na kopo lake, tulikwenda wote watatu chumbani. Mgonjwa alikuwa ameelekea dirishani. Nikadhani shangazi amemgeuza ili amwoshe, lakini shangazi alikuwa amekwama kizingitini, mkono mdomoni. Hakuwa amemgusa.

Seremala hakuyajua hayo. Akafungua kopo, akachovya brashi.

"Usipake," mgonjwa alisema.

Sauti ilikuwa nzito, imekwaruza, lakini ilikuwa yake. Brashi ikabaki hewani, inadondosha rangi sakafuni.

"Mzee, mbao hizi mbovu," seremala alisema.

"Naona. Kile kifundo nakitazama tangu alfajiri. Sijajua ule mstari unatokea wapi."

Machozi yalikuwa yakimtiririka shangazi, hakuyafuta. Akaenda kuketi ukingoni mwa kitanda, akainamisha kichwa mpaka kikalingana na cha mumewe, wote wawili wakatazama upande mmoja.

"Mstari upi?" aliuliza.

Mumewe akainua mkono uliosalia mzima, akamwonyesha.