Jaketi Lililorudishwa Likiwa Safi

Siku ya nne ya kuzunguka maofisi, Fundi, mshonaji wa nguo, hakuwa na nguvu hata za kukasirika. Polisi walikuwa wamemwambia kwamba ajali ya boti ni ya mamlaka ya vyombo vya majini. Mamlaka nao wakamwuliza iko wapi taarifa ya polisi. Akaenda na kurudi, akaenda na kurudi, mpaka karani mmoja, sijui kwa huruma au kwa kumchoka, akamwelekeza kituo cha msaada wa kisheria, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi.

Wakili aliyempokea alikuwa binti wa rika la kitinda mimba wake. Alimvutia kiti, akamwacha aseme mpaka amalize.

Mume wa Fundi ni kinyozi. Jumapili moja mwezi uliopita, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita ya ndoa, walilipia boti ya matembezi wazunguke ziwa kama watu waliopumzika. Penye gati palibandikwa bei tu. Onyo halikuwepo, wala hapakuwa na mtu wa kukagua chochote. Wakati wa kurudi, nahodha akakata kona kwa mbwembwe, na Kinyozi akatupwa majini. Mkanda wa jaketi lake la kuokolea maisha ukakatika, jaketi likampanda usoni, na alipokuwa akipapasa apate pa kushika, mkono wa kulia ukabanwa kati ya boti na nguzo ya gati. Vidole vitatu havikunjiki. Operesheni ya pili ingeweza kumrudishia mshiko wa mkasi, lakini mwenye boti anasema gharama hazimhusu: mteja hakufunga jaketi.

"Na hilo jaketi liko wapi, mama?"

"Nilimrudishia mwenyewe."

"Likiwa na mkanda uliokatika?"

Fundi akatazama mikono yake. "Likiwa zima. Nililifua, nikalishona."

Wakili akaiweka kalamu chini taratibu.

Hospitalini, nguo za Kinyozi alikabidhiwa ndani ya mfuko wa plastiki, jaketi likiwa humo humo. Fundi alilelewa na mama ambaye hakurudisha hata bakuli la jirani bila kulisugua. Basi akafua. Alipouona mkanda umelika kwa jua hadi ukawa kama karatasi, akaukata na kutia mwingine, kwa mishono mitatu mitatu, akalipeleka jaketi gatini na kusema ahsante. Kusema ahsante! Mwenye boti akalipokea kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo limetundikwa mlangoni pake. Kila anayeuliza huoneshwa jinsi lilivyo imara.

"Mama, huyo bwana umemshonea kesi yake," alisema wakili, bila ukali. "Amewaletea karatasi yoyote?"

"Alikuja na matunda, na karatasi inayosema tumesameheana."

"Mume wako alitia sahihi?"

"Kwa mkono upi, mwanangu?"

Wote wawili wakacheka kicheko kifupi cha watu waliochoka. Kisha wakili akaandika: namba ya boti, majina ya abiria waliokaa karibu, nakala ya fomu ya hospitali. Wasitie sahihi popote. "Na kuanzia leo usifue, usishone, usirudishe kitu. Ule mkanda wa zamani uliutupa?"

"Mimi situpi kipande." Mara Fundi akakumbuka. Vipande vyake vyote huenda katika gunia, na gunia hilo alikuwa amelimaliza wiki iliyopita kwa kujazia mito ya viti vya wifi yake.

Alishuka ngazi, akaenda moja kwa moja kwa wifi. Wifi, dada yake Kinyozi, alimfungulia mlango, akaona mkasi mkononi mwake.

"Wifi, umekuja kunisalimia au kunichinja?"

"Nimekuja kufumua mito."

"Yote minne? Na mahari tuliyokutolea ilikuwa kamili!"

"Kaa chini unisaidie, uache maneno."

Walifumua sakafuni. Mto wa kwanza, hamna. Wa pili, hamna. Wifi alikuwa ameacha utani. Katika mto wa tatu, katikati ya vitambaa vya sare za shule, kikatoka kipande cha mkanda kirefu kama kiganja, kimepauka, ncha yake imechanika, na juu yake tarakimu mbili za mwanzo za namba ya boti. Tarakimu zilizobaki zilikuwa kwenye kisehemu cha mkanda kilichobaki kwenye jaketi lile, chini ya mishono ambayo Fundi angeitambua hata kwa kupapasa.

Wakili alimjibu kwenye simu kwamba kesho angeiandikia mamlaka barua, jaketi lichukuliwe kabla mwenye boti hajaota ndoto mbaya akalificha. Kisha akaongeza, maana hakuwa mtu wa kudanganya, kwamba kesi yenyewe huenda ikachukua mwaka, au zaidi.

"Mwaka," Kinyozi alirudia jioni ile, akikitazama kipande hicho kwenye bahasha iliyo wazi juu ya meza ya cherehani. Nyuzi zilikuwa zikifumuka nchani. Nyingine mbili zilikuwa zimekwisha dondoka. Fundi, ambaye katika maisha yake hajawahi kuacha pindo likifumuka mbele ya macho yake, tayari alikuwa na sindano mkononi.

"Fundi," alisema Kinyozi.

Fundi akairudisha sindano kwenye kopo lake. Akakusanya zile nyuzi mbili, akazitia ndani ya bahasha, akaifunga, na kuikalia.