Mjane wa Musonoi

Asubuhi ile nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, uani kwetu, Musonoi, huku nikimcheka kaka yangu mkubwa, yaya Kalenga. Yaya alikuwa mwenyekiti wa vijana wa chama, ana sauti ya chura, na bado ndiye aliyewafundisha wenzake nyimbo za uhuru! Serikali ilikuwa imekipiga chama marufuku. Sisi tuliimba tu.

Kwa jirani kulikuwa na kilio. Mume wa mama Ngoi alikuwa amefukiwa na udongo mgodini, naye mama alikaa kwenye mkeka, kajifunika kitambaa cheusi mpaka usoni. Kwetu mjane haguswi wala hasemi na mtu mpaka ukoo wa marehemu umnyoe na kumsafisha. Anayemgusa kabla ya hapo anajitafutia kifo.

Risasi zikaanza upande wa reli. Askari wa mkoloni walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta vijana wa chama. Waliopatikana waliuawa hapohapo.

Yaya aliruka ua wa jirani, akaangukia katikati ya waombolezaji, nami nikamfuata.

Mama Ngoi akavua kitambaa. "Kaa hapa, mutoto," akasema. Alivunja mwiko mbele yetu sote. Akamfunika, akabeba ndoo, akatoka kama mtu anayekwenda kuteka maji.

Askari wakaingia.

"Huyu nani?" akauliza mkubwa wao, mtu wa kwetu kabisa.

"Mujane, tata. Ukoo habayamunyoa bado," nikajibu, nikimwita baba kwa heshima. "Kama unapenda, mufunue."

Mkono wake ulibaki hewani.

Akarudi nyuma, akakanyaga sufuria ya maharage, akatoka mbio na wenzake. Ee Mungu wangu, na bunduki yake yote!

Mama Ngoi tulimkuta njiani, risasi mgongoni. Alikuwa amegonga mlango baada ya mlango akiwaonya vijana, na wale aliowafikia waliokoka wote.

Mikusanyiko ilikatazwa, lakini Musonoi nzima ilikuja kumzika, tukiimba nyimbo zilezile za chama. Askari walisimama kando ya njia, hawakuinua bunduki. Hapo nilijua tumeshinda, hata kabla ya bendera ya uhuru.

Bendera ilipopanda nilicheza mpaka nikapoteza viatu. Yaya alizeeka, akabeba wajukuu. Najivuna, sifichi! Lakini wajukuu hao wakiniuliza nani alituletea uhuru, siwatajii wakubwa wa kwenye redio. Nawatajia mama Ngoi, ambaye hakumaliza hata kumlilia mumewe.