Anachokifuta Kila Ijumaa

Kila Ijumaa, kabla ya kugusa donge lake la kenkey ya unga wa mahindi na samaki wake, fundi kompyuta wa ofisi yetu hapa Takoradi, Ghana, huifuta picha ya marehemu mama yake kwenye seva, kisha huirudisha kutoka kwenye nakala za akiba, kuhakikisha zinafanya kazi. Hana nyingine. Akisubiri, hujipangusa viganja kwenye suruali.

"Kaka, una wazimu? Si ufute kitu cha kijinga!" Araba wa mapokezi humfokea.

"Cha kijinga hakinitishi, dada."

Ijumaa iliyopita seva iliungua na kazi zetu zote. Fundi akafunga mashine mpya, akaanza kurejesha kutoka kwenye akiba. Mafaili yalipojitokeza tulishangilia. Yeye alikuwa bado anajipangusa viganja. Mwishowe mama akatokea kwenye skrini, na kilemba chake cha kijani.

"Haya," akasema, akiigeukia sahani yake. "Nani kala samaki wangu?"