Mama Yuko Msibani Mbuba

Maharage yanayoungua yana harufu mbili. Ya kwanza ni ya maji kukauka tu, na mpishi akiwahi kuongeza mengine hakuna atakayejua. Ya pili ni ya maharage yaliyokwisha kushika chini ya chungu. Hiyo ni kali, inaingia kwenye nguo na kukaa humo mpaka zifuliwe. Majuzi jirani yangu hapa Biharamulo alisahau sufuria jikoni akiongea na simu, na harufu hiyo ya pili ikanifuata hadi chumbani, nilikokuwa nimejilaza mchana kweupe huku madaftari ya wanafunzi yakinisubiri mezani. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa sijacheka kwa muda mrefu, na ngoja nikueleze kilichonichekesha.

Nilikulia Ngara, upande wa Kanazi, katika nyumba ya matofali ya kuchoma iliyokuwa na dirisha moja la chumbani, na dirisha hilo lilitazama jikoni. Jiko lenyewe lilikuwa nje, kwenye kibanda cha nyasi. Baba alikuwa fundi mwashi na kazi zake nyingi zilikuwa huku Biharamulo. Alirudi nyumbani mwisho wa mwezi na sukari, sabuni, na vumbi la saruji kwenye nyusi. Mdogo wangu alikuwa hajazaliwa. Siku nyingi tulikuwa wawili tu, mama na mimi, pamoja na migomba.

Mama yangu alikuwa mtu wa maneno mengi. Alianza kusalimiana na watu wakiwa bado ng'ambo ya bonde, na mpaka wafike alikuwa ameshajua habari za nyumba nzima. Kanisani aliimba sauti ya kwanza, akiipandisha kuliko wenzake wote, nami nilikuwa nainamisha kichwa kwa aibu. Halafu mwaka niliokuwa darasa la tatu, mvua zilipoanza, akaanza kunyamaza. Kwanza aliacha kuimba. Kisha akaacha kwenda kwenye sala za jumuiya. Asubuhi moja hakuamka kabisa, nikaenda shule bila uji. Niliporudi nilimkuta vilevile, uso ukutani, macho wazi.

"Unaumwa wapi, mama?"

"Sijui, Leonia. Nimechoka tu."

Nilimshika paji la uso kama yeye alivyozoea kunishika. Hakuwa na homa. Sikuwa najua ugonjwa usio na homa wala kidonda, kwa hiyo nilimletea maji ya kunywa na kumfunika blanketi la pili, nikatoka nje kuwasha moto.

Ningeweza kumwambia mtu. Kilichonizuia ni Shangazi Paskazia, dada mkubwa wa baba. Shangazi alikuwa mwanamke wa haraka, mwenye mikono mikubwa na jibu la kila jambo. Alipita kwetu Jumapili moja baba akiwa nyumbani, akamwona mama kitandani, akamvuta baba hadi kwenye migomba. Mimi nilikuwa papo hapo nakata majani ya kufunikia ndizi, na hakuna aliyenijali.

"Mwanamke asiyeamka arudishwe kwao Mbuba," alisema. "Kama ni uchawi, kwao ndiko wanakoujua. Kama ni uvivu, wao ndio waliomlea."

Baba alisema tusubiri kidogo. Baba alikuwa hodari wa kusubiri.

"Nikija mwezi ujao na bado amelala, nampeleka mwenyewe."

Hapo nikaamua, kwa akili zangu za darasa la tatu, kwamba watu wasipojua mama haamki, hakuna atakayemwondoa. Nikawa mlinzi wa mlango. Mtu akibisha hodi namwahi uani kabla hajakaribia. Mwanzoni nilisema mama kaenda sokoni Kabanga kuangalia vitenge. Lakini Kabanga mtu anarudi jioni, na wageni walikuwa wanarudi kesho yake, kwa hiyo nikahamia kwenye misiba. Nilimuua mjomba ambaye hajawahi kuzaliwa. Kisha nikamuua mke wake. Katika wiki chache nilipukutisha ukoo mzima wa Mbuba, na kila marehemu nilimtafutia ugonjwa wake, maana nilikuwa mtoto makini.

Watu walinipa pole. Wanawake wa jumuiya walileta mkungu wa ndizi wakasema, "Mpe pole mama akirudi msibani." Mwingine akaleta maziwa ya mgando kwenye kibuyu, mwingine akapalilia mistari ya maharage yetu akapitiliza bila hata kubisha hodi. Nilijisifu sana kwa uongo wangu. Nilimpelekea mama maziwa yale kitandani na kumweleza ni rambirambi ya nani, naye alinitazama kwa muda mrefu, akanywa mafunda mawili, akageukia ukuta. Nilifurahi kwamba amekunywa.

Sasa nikujulishe kwa Mama Nestori. Shamba lake lilipakana na letu. Alizaliwa Burundi, akavuka mpaka na mama yake akiwa msichana, wakaishi kambini, kisha akaolewa na mwenyeji wa kijiji chetu. Alikuwa mdogo wa umbo, aliyevaa sweta masika na kiangazi, na Kirundi chake na Kihangaza chetu vilielewana bila taabu. Watu walimpenda. Lakini penye shauri la kuamua, hakuna aliyemgeukia kumuuliza anaonaje, kwa sababu yeye alikuwa wa kuja.

Alikuja siku moja na ungo wa maharage mabichi ya kumenya. Nikamwahi uani.

"Shikamoo, Mama Nestori. Mama hayupo. Yuko msibani Mbuba."

"Marahaba, mwana wanje," alisema, yaani mwanangu, kwa Kirundi chake. "Poleni." Akavuta kigoda, akakiweka chini ya dirisha la chumbani, akakaa. "Basi nitamngoja."

Hilo sikuwa nimelipangia. Nilimwambia msiba wenyewe ni mkubwa, huenda wakakaa mpaka matanga yaishe. Akasema hana haraka. Akaanza kumenya. Nikakaa karibu naye kumlinda asichungulie, na yeye wala hakugeuza shingo. Alinisimulia habari za mbuzi wake, za mvua, za Nestori aliyemeza kifungo cha shati. Nilisahau kabisa kwamba nilikuwa nimeinjika chungu. Harufu ya kwanza ikapita, sikuisikia. Ikaja ya pili.

Na hapo, kutoka ndani ya dirisha, ikatoka sauti ya mama yangu, nzito, ya mtu ambaye hajaongea tangu jana:

"Leonia. Maharage yanaungua."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimtazama Mama Nestori nikingoja aseme nimedanganya. Alikuwa ameinamia ungo wake. Akaokota ganda lililoanguka, akalirudisha mahali pake, akasema kwa utulivu, "Tia maji, mwana wanje. Usikoroge, yaliyoshika yaache hukohuko."

Nikatia maji. Tukala maharage yale, yeye na mimi, machungu kama dawa, na bakuli la tatu alilijaza mwenyewe akaliweka juu ya kizingiti cha dirisha. Hakusema la nani. Alipoaga alisema, "Nitakuja kesho kumngoja tena."

Akawa anakuja. Alikaa palepale na kuongea, safari hii sauti ikiwa juu kidogo, kuelekea dirishani. Hakumwambia mama ajikaze. Hakumuuliza ana nini. Alisimulia vitu vidogovidogo, na akichoka alinyamaza, na kimya chake hakikuwa na madai yoyote. Siku moja nilitoka shule nikamkuta mama nje, amejitanda kitenge, amekaa kwenye mkeka kando ya kigoda kile. Hawakuwa wanaongea. Mama alikuwa ameshika ganda moja la maharage, analigeuzageuza. Nilitaka kumrukia, lakini Mama Nestori alinipa ishara ya jicho, nikaenda kuchota maji huku nalia kwa furaha kama mjinga.

Kisha Shangazi akaja, kama alivyoahidi, kabla baba hajafika. Siku hiyo mama alikuwa amerudi kitandani; zilikuwepo siku za namna hiyo. Shangazi alikuja na mfuko mkubwa wa kubebea mizigo, akaufungua juu ya kitanda, akaanza kutia vitenge vya mama. Mama alikuwa anatazama tu, kama vile ni vitu vya mtu mwingine. Nikaushika mkanda wa mfuko kwa mikono miwili. Shangazi akauvuta, nami nikaburutwa nao.

Mama Nestori aliingia. Hakuwa amewahi kuingia chumbani humo hata siku moja. Alisimama mlangoni, mikono ndani ya sweta.

"Dada," alimwambia Shangazi, "weka mfuko chini kwanza."

"Hili ni la nyumba yetu, Mama Nestori."

"Ni la kwenu. Lakini ugonjwa huu mimi naujua." Akaitoa mikono ndani ya sweta. "Niliuugua kambini, kabla sijaolewa. Nililala mpaka nywele zikashikana. Mama yangu alinilisha kwa kijiko. Wapo waliosema nimerogwa, na wapo waliosema kichwa kimeharibika. Muuguzi wa pale ndiye aliyesema ni ugonjwa kama magonjwa mengine, unaitwa sonona, una dawa. Nikapewa dawa, nikawa naitwa kwenda kuongea naye. Nikaamka polepole."

"Wewe?" Shangazi alisema.

"Mimi. Unaniona nalima. Unaniona nazaa. Kuna siku umeniona mvivu?"

Shangazi alisimama na kitenge mkononi. Mama alikuwa amegeuza uso kutoka ukutani, anamtazama Mama Nestori, na machozi yanamtoka bila kelele.

"Mbona hujawahi kusema?" Shangazi aliuliza hatimaye.

"Nimesema leo."

Shangazi akakikunjua kile kitenge, akakinusa, akakunja pua. "Hivi havijafuliwa siku nyingi," alisema. Akavitoa vyote kwenye mfuko, akavipeleka nje kwenye beseni, akaanza kuvifua kwa mikono yake mikubwa kana kwamba ana ugomvi navyo.

Ni yeye aliyempeleka mama hospitali. Baba alipofika alikuta wameshakwenda. Nasikia njia nzima Shangazi alimwambia kila waliyekutana naye kwamba wifi yake ana ugonjwa, unatibika, na mwenye swali aje amuulize yeye. Mama alianza dawa. Hakupona kama filamu inavyoisha. Kuna wiki alipika, kuna wiki hakupika, na ugonjwa ulirudi tena nilipokuwa sekondari. Lakini haukumkuta peke yake tena. Baba alijifunza kupika ndizi, vibaya, na akakataa kuacha.

Nilipokuwa mkubwa mama aliniambia kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyeamini misiba yangu. Mama Nestori alikuwa amepita kwa wanawake wa jumuiya, nyumba kwa nyumba, akiwaomba: mtoto akisema mama yake yuko Mbuba, itikieni, msimuumbue, na mkiwa na chochote cha kuleta, kileteni kama rambirambi. Nilidhani ninamficha mama, kumbe kijiji kizima kilikuwa kinanilea.

Hayo nilikuwa nayajua kwa miaka mingi. Kuna jambo moja sikulijua, nalo nimelijua mwezi huu.

Tangu nimzae mwanangu wa pili, mimi pia nimekuwa nalala na uso ukutani. Shuleni nimesema ni malaria. Mume wangu nimemwambia ni tumbo, kisha mgongo, kisha uchovu wa kunyonyesha. Ustadi wangu wa zamani haujapotea. Siku ile ya harufu ya sufuria ya jirani, nilipomaliza kucheka, nililia. Jumamosi nikambeba mtoto mgongoni nikapanda basi kwenda Ngara, na kabla ya kufika kwa mama nikapitia kwa Mama Nestori.

Amezeeka, sweta ni jingine lakini rangi ni ileile. Alimpokea mtoto, akanitazama usoni, hakuuliza. Nikamwambia. Kisha nikamuuliza kama siku ile, mbele ya Shangazi, hakuogopa.

"Niliogopa sana," alisema. "Mume wangu alikuwa hajui."

Nilidhani sijamsikia vizuri.

"Hajui nini, mama?"

"Chochote. Tulioana nimeshapona. Niliona akijua ataniacha. Na yule shangazi yako, unamfahamu, habari ikimfikia imefika kijiji kizima. Basi nilipotoka kwenu nilikwenda nyumbani mbio, nimwambie mimi mwenyewe kabla hajaambiwa na watu."

"Akasemaje?"

Mama Nestori alimweka mtoto vizuri begani, akampigapiga mgongo.

"Alisema anajua. Mama yangu alimwambia siku ya posa. Alimwomba asiniulize, angoje mpaka nitakaposema mwenyewe. Mwana wanje, alikuwa amengoja miaka yote ile."

Nilipokuwa mtoto nilidhani Mama Nestori alimwokoa mama kwa sababu hakuwa na cha kupoteza. Sikujua kwamba aliingia mlangoni mwetu ameibeba nyumba yake yote mikononi, tayari kuipoteza, ili mama yangu abaki kwake.

Nililala kwa mama usiku mmoja. Jumapili nikarudi Biharamulo. Mume wangu alikuwa uani anaanua nguo za watoto, maana mawingu yalikuwa yanatanda. Alianza kuniuliza habari za Ngara. Nilimwambia palepale kwamba si tumbo wala mgongo, mkoba ungali begani.